Mpanda Farasi Kwenye Ukuta wa Mwihoko

Harufu ya tapentaini ndiyo inayonirudishia mwaka ule. Siku hizi naipata mara chache, pengine nikipita mahali fundi anaposafisha brashi zake, na kila mara hunichosha kabla sijajua kwa nini. Nyumbani kwetu Kamenu ilikuwa kila mahali: katika mapazia, katika mkate, katika sare yangu ya shule hata baada ya mama kuifua na kuianika juani kutwa. Baba alikuwa mchoraji wa mabango. Aliandika majina ya bucha, ya vinyozi, ya makanisa na ya maduka ya dawa, na alipenda kusema kwamba mtu angeweza kutembea kutoka stendi ya Thika hadi daraja la mto Chania akisoma mkono wake njia nzima. Nilikuwa na miaka kumi na nilimwamini. Nilipofika chuo kikuu nilikuwa nauliza kila kitu, hata hilo, na nikagundua kwamba kwa wakati ule ninaousimulia maneno hayo yalikuwa yameshaanza kuwa uongo, ila yeye hakuwa na habari.

Katika chumba chetu cha mbele, juu ya sofa zenye vitambaa vya mama vilivyofumwa kwa sindano, kulikuwa na picha tatu ambazo hakuna nyumba nyingine Kamenu iliyokuwa nazo. Rafiki yake baba, fundi wa kupuliza rangi magari, alikuwa amezikuta kwenye kalenda iliyosahauliwa chini ya zulia la gari kuukuu lililoletwa kutoka Japani. Baba alikata sehemu ya tarehe, kwa kuwa mwaka wenyewe ulikuwa umekwisha zamani, akazibandika ukutani. Ya kwanza ilionyesha jitu lililosimama darajani likiwa limechomwa mishale mwili mzima kama nungunungu, na maadui wakiwa mbali, wakiogopa kusogea. Ya pili ilikuwa ya mtu aliyejifunga kamba ya nanga kiunoni akiwa ukingoni mwa jahazi la vita, macho yake meupe, karibu kuruka baharini. Mama hakuzipenda hizo mbili. Wanawake wa kanisa wakija kwa maombi alizifunika kwa kanga, akisema kwamba mtu hawezi kuomba uponyaji huku anatazamwa na maiti iliyosimama. Lakini ya tatu haikufunikwa kamwe. Ndani yake mpanda farasi mzee yuko ufukweni, ameinua kitu cha duara chenye jua jekundu katikati, na anamwita kijana aliye juu ya farasi mwingine, ambaye ameshaingia majini na mawimbi yanamfika farasi wake kifuani. Kijana amegeuza uso kutazama nyuma. Baba alituambia kwamba huyo ni mzee anayemwokoa mtoto asizame, nasi hatukuwa na sababu ya kubisha. Mama alisema inamkumbusha Mungu anavyomwita mwenye dhambi.

Kaka yangu Ndung'u alikuwa amemaliza kidato cha nne, na brashi alikuwa ameijua kabla ya kalamu. Kwetu kifungua mimba wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, kwa hiyo baba hakuwahi kumwita Ndung'u kwa jina. Alimwita Baba, kwa sababu alikuwa amebeba jina la baba yake. Mimi nilipewa jina la nyanya, mama yake, naye aliniita Maitu, yaani mama yangu. Ukiyasikia mazungumzo yetu ya jioni kutoka nje ungedhani mzee huyu anaishi na wazazi wake. Nimewahi kuieleza desturi hii kwa wenzangu chuoni wakacheka, na mimi pia nikajitia kucheka, nikasema ni njia ya wafu ya kukataa kuondoka. Lakini ilikuwa na uzito wake. Mtu anayemwita mwanawe Baba hawezi kumtukana ovyo.

Ndiyo maana sijasahau neno moja alilolisema baba siku alipogombana na Ndung'u. Lilikuwa limefunguliwa duka la kuchapisha mabango kule Ruiru, lenye mashine inayotoa turubai la plastiki lililojaa picha na herufi, na Ndung'u alikuwa amepata kazi hapo. Alitangaza hivyo mezani, akiangalia sahani yake ya githeri. "Baba, ile mashine inamaliza bango kabla wewe hujafungua mkebe."

"Mashine haina mkono," baba akasema.

"Wateja hawanunui mkono. Wananunua bango."

"Mkataa kwao ni mtumwa."

"Sasa mimi nimekataa kwetu aje? Ruiru ni hapo tu."

"Nenda basi, Ndung'u," baba akasema.

Mama aliweka kijiko chini. Nilimwona kaka yangu akisikia jina lake katika kinywa hicho kwa mara ya kwanza. Kesho yake alibeba begi lake akaenda kupanga chumba Mwihoko, na nyumba yetu ikawa na mtu mmoja pungufu, ambaye hakuna aliyeruhusiwa kumtaja.

Likizo ya Agosti ilipofika baridi ilikuwa bado haijaondoka, ile baridi ya mawingu ya chini ambayo huko kwetu inaweza kukaa wiki nzima bila jua. Baba akatangaza kwamba amepata kazi ya kuchora ukuta wa shule ya chekechea, na kwamba mimi nitaenda naye kumshikia uzi. Shule ilikuwa Mwihoko. Zilikuwako shule za chekechea Kamenu, Makongeni, kila mahali, na kuta zao zilikuwa wazi. Mama alimtazama muda mrefu, kisha akafunga chapati zaidi ya tunazoweza kula watu wawili. Sikuuliza swali. Ulikuwa mwaka wa mwisho wa maisha yangu ambao sikuuliza maswali.

Mwenye shule, Madam Wairimu, alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kengele. Alitaka twiga, herufi na namba. Baba alimchorea yote hayo upande wa ndani, lakini ukuta mrefu unaotazama barabara aliomba amwachie, akamwonyesha ile picha ya tatu, aliyoitoa ukutani nyumbani na kuibeba katikati ya magazeti. Madam Wairimu aliivalia miwani.

"Huyu ni nani sasa?"

"Ni mzee anaita mtoto atoke kwa maji."

"Na hicho ameshika ni sahani?"

"Inawezekana."

"Basi anaitwa chakula. Ni sawa, watoto wanaelewa chakula. Lakini hapo kiunoni ni upanga, mimi sitaki upanga kwa shule yangu. Wazazi watasema nini? Mtoe huo upanga, mtoto mwekee begi mgongoni."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Baba alichora miraba kwa penseli juu ya picha, kisha tukapiga miraba mikubwa ukutani. Mimi nilishika ncha moja ya uzi uliopakwa chaki, yeye akashika nyingine, akauvuta na kuuachia, nao ukaacha mstari wa buluu ulionyooka kuliko chochote nilichokijua. Mraba mmoja baada ya mwingine, yule mzee alianza kutokea ukutani, mrefu kuliko lango, ameinua mkono, bila silaha. Bahari ilikuwa ya buluu tuliyochanganya wenyewe. Watoto wa jirani walikaa kwenye mawe ya ujenzi wakitoa maoni. Watu wa Mwihoko hawana aibu ya kutoa maoni. Nyumba za kupanga zimebanana hivi kwamba kila mtu ameshazoea kuwa shahidi wa mambo ya mwenzake. Kila mtu alipopita, baba aligeuza kichwa kidogo, kisha akarudi kwenye rangi. Nilidhani anapumzisha shingo.

Ndung'u alitokea mchana mmoja, akiwa amevaa shati jekundu la duka lao, anatafuna mahindi ya kuchoma. Alisimama ng'ambo ya barabara. Nilitaka kumwita, lakini nilijua nisiseme. Baba alikuwa juu ya ngazi, amempa mgongo. Kaka yangu aliangalia ukuta wote, kuanzia kushoto hadi kulia, akatema ganda la hindi.

"Mzee, huyo farasi wako ni ng'ombe amevaa viatu."

Watoto walianguka kwa kicheko. Ni kweli: farasi wa mbele alikuwa na tumbo la ng'ombe wa maziwa na magoti ya meza. Baba alikuwa hajawahi kumwona farasi kwa karibu, na wanyama hawakuwa fani yake. Kwetu sisi, Ndung'u ndiye aliyekuwa bingwa wa wanyama. Baba hakugeuka.

"Kama wajua farasi, brashi iko hapo chini."

"Mimi niko kazini."

"Hata mimi."

Ndung'u akaenda zake. Mimi nilidhani mambo yameharibika, lakini nilipomtazama baba, masikio yake yalikuwa yamesogea nyuma, kama ya mtu anayezuia tabasamu. Siku iliyofuata Ndung'u alikuja saa ya chakula cha mchana, bila kusalimia mtu, akatwaa brashi, akampunguza farasi tumbo. Alinigusa kichwa kwa kiwiko akipita, akasema, "Niaje, Wambui, bado unaogopa kuku?" na hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu yote ya kukutana tena. Nikampa chapati. Tangu hapo akawa anakuja kila siku saa hiyo, nao wawili wakafanya kazi bega kwa bega wakizungumza kuhusu magoti tu. Farasi akawa farasi. Yule wa majini, hasa, alianza kuonekana kama anayepumua, na povu la mawimbi kifuani mwake lilikuwa la Ndung'u peke yake. Baba aliliangalia akanyamaza, na baba akinyamaza mbele ya kazi ya mtu, hakuna sifa kubwa zaidi.

Lakini saa ya chakula ilirefuka siku baada ya siku, na shati jekundu likaota madoa ya buluu. Siku ya kumalizia uso wa kijana, simu ya Ndung'u ililia kwenye dirisha la darasa. Ikanyamaza. Ikalia tena. Akashuka, akapokea, nikasikia sauti ya tajiri wake ikitoka kwenye simu kama nyuki ndani ya mkebe. Kaka yangu alisema "ndiyo" mara nyingi. Kisha akafuta brashi, akaiweka juu ya mkebe vizuri jinsi alivyofundishwa, akasema, "Ameniambia nikichelewa leo nisirudi," akaanza kuelekea langoni. Uso wa kijana ukutani ulikuwa bado hauna macho. Baba alikuwa juu ya ngazi. Aligeuka nusu, mkono mmoja umeshika ngazi, mwingine umeinua brashi juu, na akaita neno moja tu, kwa sauti ambayo si kubwa.

"Baba."

Ndung'u alisimama langoni. Alitazama barabara ya kuelekea Ruiru. Kwa kimo changu, kutoka nilipokuwa nimechuchumaa na kopo la nyeupe, niliwaona wote wanne pamoja, wawili wa ukutani na wawili wa kweli, na mikono iliyoinuliwa ilikuwa sawa. Kisha kaka yangu akageuka, akarudi, akapanda ngazi, akamtia yule kijana macho. Jioni ile tulikwenda nyumbani watatu, na mama alipofungua mlango alijifunika uso kwa leso. Baba alisema methali ya watu wa pwani ambayo lazima aliipata shuleni, kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Hakuna mtu Kamenu anayejua ngama ni nini. Tulimwelewa.

Kwa miaka mingi niliuona huo kuwa mchana mzuri kuliko yote ya utoto wangu. Baadaye, chuoni, niliingia katika darasa la historia ya sanaa kwa sababu lilikuwa la alasiri na sikupenda kuamka mapema. Mhadhiri alizima taa akatuonyesha picha za zamani za Kijapani, na pale ukutani, kubwa kuliko ile ya baba, akatokea mpanda farasi wetu. Alikuwa na upanga wake.

Mhadhiri alieleza bila haraka. Ni hekaya ya vita vya kale, akasema. Jeshi la kijana limeshindwa na linakimbilia merikebu zake. Mzee wa jeshi lililoshinda anamwona kijana aliyevaa vizuri akiogelea na farasi, anamwinulia upepeo wake wenye jua jekundu, anamwita arudi, maana ni aibu kumpa adui mgongo. Kijana angeweza kuendelea. Anageuka. Mzee anamwangusha, anamvua kofia ya chuma ili amkate kichwa, na anaona uso wa mtoto, rika la mwanawe mwenyewe. Anataka kumwacha. Lakini wenzake wanakuja nyuma, nao watamuua huyo kijana hata yeye asipomuua. Anamuua huku analia, na baada ya hapo anaacha vita, ananyoa kichwa, anakuwa mtawa.

Kisha mhadhiri akaongeza jambo jingine, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. Picha hizi hazikuchorwa kwa mkono mmoja. Mtu mmoja alibuni, mwingine akachonga vibao vya mti, kibao kimoja kwa kila rangi, na mwingine akavipaka wino na kukandamiza karatasi, siku nzima, nakala baada ya nakala. Ziliuzwa rahisi, kwa watu wa kawaida. Nilitamani kucheka. Baba alimfukuza mwanawe kwa ajili ya mashine ya kuchapa, akamrudisha kwa picha ya kuchapwa.

Sikucheka kwa sababu nilijua yaliyofuata nyumbani. Walifanya kazi pamoja, baba na Ndung'u, na kwa muda ilionekana kama ushindi. Kisha bucha zikaanza kutundika turubai. Vinyozi wakafuata, halafu makanisa. Ngazi ikakaa nyuma ya nyumba hadi kuku wakaipenda. Kijana aliyechukua nafasi ya Ndung'u kwenye ile mashine sasa ana duka lake. Kaka yangu hupaka rangi ya krimu katika nyumba mpya za kupanga, chumba baada ya chumba, kuta zisizotaka chochote isipokuwa kufunikwa. Ile shule nayo ilitundika turubai kubwa la watoto wanaotabasamu, likafunika bahari yote.

Jumapili moja mwaka huu tulikuwa tumemaliza kula. Baba macho yake yamepungua nuru, na husikiliza zaidi ya anavyotazama. Kaka yangu alikuwa amelala nusu kwenye sofa, amechoka kwa namna ambayo usingizi hauwezi kuitibu. Habari ilikuwa kwamba ukuta wa Mwihoko utavunjwa, wanajenga ghorofa.

"Maitu," baba akaniambia, "wewe umesoma. Yule mzee, walikuambia kule chuo ni nani?"

Nimefunzwa kuamini kwamba ukweli ni haki ya kila mtu, na nimechoka vya kutosha kujua kwamba si kila mtu anauomba. Yeye aliuomba. Nikamwambia yote: upanga, kofia, kilio, vibao vya mti. Mama alisimama mlangoni na sufuria mkononi. Baba alisikiliza kichwa kikiwa kimeinama.

"Kwa hivyo alimwita ili amuue."

"Hakujua ni mtoto, alijua baadaye."

Akainua kichwa. "Na huyo kijana? Hakujua anaitiwa nini?"

"Mimi nilijua," Ndung'u akasema, bila kufungua macho.

Tukamgeukia. Alikaa wima polepole, akajipangusa uso. "Si wa picha. Mimi. Pale dukani nilikuwa naandika oda. Wateja wako walikuwa wamekuja kwetu wote, Baba. Hata yule wa bucha ya stendi. Hata kanisa letu. Walikuwa wanangoja tu zile za zamani zichakae waone watakuambia aje. Siku uliniita pale langoni, hii kazi ilikuwa imeisha tayari. Nilijua kabla yako."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia, ungeshuka kwa ngazi?"

Mama alirudi jikoni, nikasikia maji yakimiminwa, kisha yakimiminwa tena bila haja. Niliwatazama wanaume wawili wanaoitana Baba, mmoja haoni vizuri, mwingine ana krimu ya nyumba za watu chini ya kucha, na nilitaka kuuliza kama ni kweli, kama alijua siku ile au anamsitiri mzee leo. Nimeshauliza wahubiri na wahadhiri maswali makubwa zaidi ya hilo. Hilo sikuliuliza. Utotoni, katika picha ile, nilimtazama daima yule anayeita, kwa sababu alikuwa mkubwa na mkono wake ulikuwa juu, nami nikadhani hadithi ni yake. Sasa ukuta unavunjwa, na ninayemwona ni yule wa majini, ambaye merikebu zake zilikuwa karibu, na barabara yake wazi, akivuta hatamu arudi.